Kusubiri nafasi ya ndege kwenye viwanja mbadala vya mji mmoja: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Mfanyabiashara aliyemaliza manunuzi yake Dubai, Guangzhou au Istanbul hukutana mara nyingi na jibu moja kwenye ofisi ya tiketi: ndege imejaa. Kuanzia hapo huwa na njia tatu. Anaweza kusubiri kiti kitakachobaki kwenye ndege hiyo, anaweza kukata tiketi ya siku za mbele, au anaweza kutafuta ndege inayotumia uwanja mwingine unaohudumia mji huohuo. Makala haya yanahusu njia ya tatu, na namna inavyoweza kuunganishwa na ile ya kwanza.

Uwanja mbadala unaweza kumwokolea msafiri siku mbili au tatu za kulala hotelini, na kwa mwenye wateja wanaomsubiri nyumbani unaweza kuokoa mtaji wenyewe. Hata hivyo, njia hii ina hasara zake kwa asiyeijua. Mji unaweza kuwa mmoja, lakini tiketi, viza, forodha na barabara za kila uwanja ni mambo tofauti. Kanuni ya kuanzia ni kwamba uwanja mbadala hufaa pale tu ambapo mambo manne yanakubali kwa pamoja: tiketi, viza, mizigo na usafiri wa barabarani. Moja likikataa, ni afadhali kubaki na kusubiri.

Maana ya kusubiri nafasi

Kusubiri nafasi, au stendibai kama inavyoitwa kwenye kaunta za mashirika ya ndege, ni kuwa kwenye orodha ya watu watakaopewa viti endapo abiria wenye nafasi zilizothibitishwa hawatatokea. Majina huitwa baada ya kaunta kufungwa, mara nyingi ikiwa imebaki chini ya saa moja ndege iondoke. Wapo wasafiri wa aina nne wanaojikuta kwenye orodha hiyo:

1. Abiria mwenye tiketi ya ndege ya baadaye anayetaka kuondoka mapema siku hiyohiyo. Mashirika mengi ya Marekani yana utaratibu rasmi wa jambo hili. Katika ukanda wetu hutegemea aina ya tiketi na meneja wa zamu.

2. Abiria aliyeachwa na ndege ya kuunganisha, au aliyekosa kiti kwa sababu shirika liliuza tiketi nyingi kuliko viti.

3. Mfanyakazi wa shirika la ndege au ndugu yake anayesafiri kwa tiketi ya punguzo. Huyu kwa kawaida huitwa mwisho, baada ya abiria wote waliolipa nauli kamili.

4. Mtu asiye na tiketi anayefika uwanjani na fedha mkononi akitarajia kununua kiti kilichobaki.

Zamani kusubiri nafasi ilikuwa pia njia ya kusafiri kwa bei ndogo. Septemba 1977 shirika la Laker Airways la Uingereza lilianzisha safari za Skytrain kati ya uwanja wa Gatwick, London, na New York. Abiria hakuweka nafasi mapema. Alipanga foleni siku ya safari na kulipa pauni 59 kwa kwenda. Mashirika makubwa yalijibu kwa nauli zao za kusubiri. Laker ilifilisika Februari 1982. Leo mambo yamegeuka: kompyuta za mashirika hupandisha bei kadiri siku ya safari inavyokaribia, hivyo kiti cha dakika ya mwisho mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote. Anayekwenda uwanjani kusubiri asitarajie punguzo. Atarajie kiti tu.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba kiti kitupu si lazima kiwe kiti kinachouzwa. Ndege huwa na kikomo cha uzito wakati wa kuruka. Kwenye viwanja vya nyanda za juu kama Jomo Kenyatta wa Nairobi, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye viwanja vya joto kali kama vya Ghuba wakati wa kiangazi, hewa huwa nyepesi na ndege hubeba uzito mdogo zaidi. Siku ambayo shehena na mafuta ni mengi, shirika linaweza kuondoka na viti vitupu na kuwaacha wanaosubiri wamesimama kaunta. Kwa sababu hiyo msafiri mwenye begi moja jepesi ana bahati nzuri kuliko mwenye kilo 60.

Herufi tatu zinazoamua safari

Kila uwanja wa ndege una alama ya herufi tatu inayoandikwa kwenye tiketi. Baadhi ya miji mikubwa ina pia alama ya mji mzima inayokusanya viwanja vyake vyote. London ni LON, na ndani yake wamo Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN) na Luton (LTN). New York ni NYC, ikiwa na Kennedy (JFK), LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), ingawa Newark iko jimbo jingine la New Jersey. Wakala anayetafuta safari kwa alama ya mji huona viwanja vyote kwa mara moja. Anayetafuta kwa alama ya uwanja mmoja huona ndege za uwanja huo tu, na anaweza kumwambia mteja wake kuwa hakuna nafasi wakati nafasi ipo umbali wa nusu saa kwa gari.

Mfumo huo una mapungufu mawili. Kwanza, viwanja vingi vinavyofaa kama mbadala havimo kwenye alama ya mji. Sharjah (SHJ) ni mji wake wenyewe, hivyo hautokei kila mara mtu anapotafuta Dubai. Pili, kutajwa kwa viwanja viwili chini ya alama moja hakumpi abiria haki ya kuchagua. Baadhi ya mashirika ya Marekani humruhusu mwenye tiketi ya kwenda Newark kusubiri nafasi ya ndege ya LaGuardia bila nauli mpya, na mengine hukataa. Kila shirika lina masharti yake, na masharti hayo hutofautiana hata kati ya tiketi mbili za shirika moja.

Dubai, Sharjah na jirani zao

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni Falme za Kiarabu. Viwanja vinne viko ndani ya mwendo wa barabara moja:

Dubai (DXB) uko Garhoud, jirani na maduka ya jumla ya Deira. Sharjah (SHJ) uko chini ya kilomita 30 kutoka Deira, nao ni makao ya Air Arabia, shirika la bei nafuu lililoanza safari Oktoba 2003. Al Maktoum (DWC) uko upande wa Jebel Ali, kusini mwa Dubai. Ulifunguliwa kwa mizigo mwaka 2010 na kwa abiria mwaka 2013. Abu Dhabi (AUH), ambao tangu Februari 2024 unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Zayed, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Deira.

Viza ya Falme za Kiarabu hutambuliwa katika falme zote saba, hivyo aliyeingilia Dubai anaweza kuondokea Sharjah bila viza nyingine. Hata hivyo, viza iliyoombwa kupitia shirika la ndege mara nyingi hutolewa kwa sharti la kusafiri na shirika hilo. Anayetaka kubadili ndege amuulize kwanza aliyemwombea viza. Aidha, kukaa siku za ziada baada ya viza kuisha hutozwa faini kwa kila siku, na aliyekuwa anasubiri kiti hasamehewi. Kwa hiyo ni hatari kuanza kusubiri nafasi siku ya mwisho ya viza. Msafiri makini huacha angalau siku tatu kabla.

Barabara ya Dubai na Sharjah ni fupi lakini ina foleni inayojulikana. Asubuhi magari hujazana kuelekea Dubai na jioni kuelekea Sharjah. Safari ya dakika 30 usiku inaweza kuwa ya saa moja na nusu jioni. Mwenye ndege ya saa tatu usiku kutoka Sharjah aondoke Deira alasiri.

Yapo matukio mawili yanayoonyesha umuhimu wa kusoma herufi tatu za tiketi. Kati ya tarehe 9 Mei na 22 Juni 2022, njia moja ya kurukia ndege ya DXB ilifungwa kwa ukarabati, na safari nyingi zikahamishiwa DWC. Abiria alikuwa na tiketi iliyosema Dubai, lakini uwanja haukuwa ule aliouzoea. Kisha tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilifurika Dubai. Zaidi ya safari 1,200 zilifutwa DXB ndani ya siku mbili, na maelfu ya abiria waliingia kwenye orodha za kusubiri kwa wakati mmoja. Siku kama hizo orodha ya kusubiri husogea polepole, na mwenye uwezo wa kuondokea mji wa jirani hupata nafuu, ilimradi barabara inapitika.

Aidha, Aprili 2024 serikali ya Dubai ilitangaza mpango wa kuupanua DWC ili hatimaye shughuli zote za DXB zihamie huko katika kipindi cha takriban miaka kumi. Wasafirishaji wenye maghala Deira wanapaswa kuuweka mpango huo katika hesabu zao za muda mrefu.

Guangzhou na Hong Kong: mbadala wenye mpaka katikati

Anayenunua bidhaa Guangzhou (CAN) ana viwanja viwili vikubwa jirani: Shenzhen (SZX) na Hong Kong (HKG). Tangu Septemba 2018 treni ya mwendo kasi imeunganisha Hong Kong na Guangzhou kwa takriban saa moja, na kwa macho ya ramani Hong Kong ni mbadala mzuri.

Tatizo liko uhamiaji. Viza ya China bara haitumiki Hong Kong, na utaratibu wa kuingia Hong Kong haumpi mtu ruhusa ya kuingia China bara. Mwenye viza ya China ya kuingia mara moja akivuka kwenda Hong Kong kusubiri ndege, viza hiyo imekwisha. Akikosa kiti hawezi kurudi Guangzhou alikoacha mizigo na wakala wake. Kwa mtu huyo Shenzhen, iliyo upande uleule wa mpaka, ndiyo mbadala wa kweli hata kama inamlazimu kuunganisha ndege mara mbili. Hong Kong iachwe kwa mwenye viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ambaye pasipoti yake inakubaliwa pale.

Istanbul, London na Johannesburg

Istanbul ina viwanja viwili vilivyo kwenye mabara mawili. Uwanja mkubwa (IST), uliochukua safari za abiria za Atatürk Aprili 2019, uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen (SAW) uko upande wa Asia. Wanunuzi wa nguo wa Laleli wako upande wa Ulaya, hivyo anayehamia Sabiha Gökçen huvuka mji mzima na mlango wa bahari wa Bosporus. Apange saa tatu kwa uchache, na zaidi siku za kazi.

London hali ni hiyohiyo. Kutoka Heathrow hadi Gatwick ni zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Abiria anayepita London kwenda kwingine, akibadilishiwa uwanja, hulazimika kuingia nchini, kuchukua mizigo na kupita uhamiaji. Asiye na viza inayomruhusu kuingia hawezi kutumia mbadala huo hata kama kiti kipo na kimelipiwa.

Johannesburg ina O.R. Tambo (JNB) na Lanseria (HLA) upande wa kaskazini-magharibi. Safari za kutoka Afrika Mashariki hutua O.R. Tambo. Lanseria humfaa anayeendelea na safari ya ndani, kwa mfano kwenda Cape Town, pale ndege za O.R. Tambo zinapokuwa zimejaa.

Viwanja mbadala katika ukanda wetu

Miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati ina uwanja mmoja mkubwa, lakini biashara ya mpakani imewafundisha watu kutumia viwanja vya jirani.

Nairobi. Mbali na Jomo Kenyatta (NBO) upo Wilson (WIL), ulio Lang'ata, karibu zaidi na katikati ya mji. Wilson ni wa ndege ndogo, safari za ndani na za kukodi, na kwa miaka mingi umehusishwa na usafirishaji wa miraa kwenda Somalia. Uzito wa mizigo kwenye ndege ndogo hubanwa sana. Anayetua Jomo Kenyatta na kuunganisha Wilson aache saa nne kati ya ndege mbili, kwa kuwa lazima avuke mji.

Arusha. Uwanja wa Kilimanjaro (JRO), uliofunguliwa mwaka 1971, uko kilomita 50 hivi kutoka Arusha, katikati ya njia ya Moshi. Uwanja wa Arusha (ARK) uko Kisongo, karibu na mji, na hupokea ndege ndogo. Mbadala wa tatu ni Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga ni takriban kilomita 270 za lami, na kituo cha Namanga huhudumia nchi zote mbili mahali pamoja. Wengi waliokosa kiti cha kwenda Kilimanjaro wamefika Arusha siku hiyohiyo kwa njia hii.

Dar es Salaam. Ndege ya kwenda DAR ikijaa, Zanzibar (ZNZ) inaweza kufaa kwa sababu boti ziendazo kasi huvuka kwa takriban saa mbili. Msafiri akague saa ya boti ya mwisho, kwani anayetua usiku hulala Zanzibar. Mwenye bidhaa za biashara akumbuke kuwa mzigo hukaguliwa tena bandarini Dar es Salaam, hivyo stakabadhi za forodha alizopewa Zanzibar zisipotee.

Mombasa na Nairobi. Tangu 2017 treni ya reli mpya imeiunganisha miji hii kwa saa zipatazo tano hadi sita. Tarehe 7 Agosti 2013, moto ulipoteketeza jengo la abiria wanaowasili kimataifa Jomo Kenyatta, ndege zilielekezwa Mombasa, Eldoret, Kisumu na nje ya Kenya. Siku hiyo waliokuwa na jamaa au wakala katika miji hiyo walifika mapema kuliko waliosubiri kurudishwa.

Bukavu na Goma. Hapa mbadala uko nchi ya pili. Uwanja wa Bukavu uko Kavumu, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, ilhali uwanja wa Kamembe nchini Rwanda uko karibu sana na mpaka wa Ruzizi unaotazamana na Bukavu. Kwa Goma, Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, na Januari 2025 mapigano yalipofika mjini safari za abiria zilisimama. Mara zote mbili wasafiri waligeukia Kigali na barabara ya Gisenyi. Anayetumia mbadala wa aina hii aulize mambo matatu kabla ya kulipa: je, mpaka uko wazi, unafungwa saa ngapi, na je, mzigo wake unaruhusiwa kupita Rwanda kama mzigo wa njiani.

Katika safari zote za ukanda huu kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe mkononi. Ndege ikielekezwa nchi ambayo haikuwa kwenye tiketi, kadi hiyo ndiyo huulizwa kwanza.

Mizigo

Hapa ndipo wafanyabiashara hupata hasara kubwa zaidi. Kwa kanuni za usalama wa anga za kimataifa, begi halitakiwi kusafiri bila mwenyewe isipokuwa limekaguliwa kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo abiria aliye kwenye orodha ya kusubiri hupewa lebo ya kusubiri kwa begi lake, na begi hupakiwa baada ya yeye kupata kiti. Akiondoka kwenye orodha ili kukimbilia uwanja mwingine, lazima kwanza arudishiwe begi. Shughuli hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na wapo waliokosa ndege ya pili kwa sababu ya kusubiri begi la ndege ya kwanza. Anayefikiria kuhama asikabidhi mizigo mapema.

Pili, kiasi cha kilo hakihami na abiria. Shirika kubwa linaweza kumruhusu abiria kilo 40 na zaidi, ilhali shirika la bei nafuu huuza begi kando ya nauli, na kilo za ziada zilizolipiwa uwanjani huwa ghali kuliko zilizolipiwa mapema. Tiketi ya Sharjah iliyoonekana rahisi inaweza kuipita ile ya Dubai baada ya kupima mizigo.

Tatu, shehena iliyotumwa kwa hati ya mzigo wa ndege haimfuati mtu. Ikiwa hati inasema DXB kwenda NBO, mzigo utapita huko hata kama mwenyewe ametua Mombasa. Wakala wa forodha apewe mapema nakala za hati na barua ya kumruhusu kuutoa mzigo. Endapo ni shehena yenyewe iliyoelekezwa uwanja mwingine, ni lazima shirika lirekebishe orodha ya shehena na forodha iruhusu mzigo kusafirishwa chini ya dhamana kabla lori halijaondoka. Dereva asikubali kupakia kwa maneno ya simu tu.

Tiketi na haki za abiria

Tiketi nyingi za kwenda na kurudi lazima zitumike kwa mpangilio ulioandikwa. Abiria asiyetokea kwenye kipande kimoja hufutiwa vipande vinavyofuata. Hivyo aliyepangiwa Nairobi kwenda Dubai na kurudi, kisha akaamua kwenda kwa ndege ya Sharjah ya shirika jingine, asishangae kukuta safari yake ya kurudi imefutwa. Akihama wakati wa kurudi madhara ni madogo, kwa kuwa hakuna kipande kinachofuata, na anaweza kuuliza kama kodi za uwanja zinarudishwa.

Hali ni tofauti pale shirika lenyewe linapombadilishia abiria uwanja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, inasema kwamba mji ukiwa na viwanja kadhaa na shirika likampa abiria ndege ya uwanja mbadala, gharama ya kumfikisha kwenye uwanja wa awali au mahali pengine pa karibu palipokubaliwa ni ya shirika. Kanuni hiyo inagusa safari zote zinazoanzia Umoja wa Ulaya, na zile zinazokwenda huko kwa mashirika ya Ulaya. Uingereza iliendelea na kanuni kama hiyo baada ya kujitoa kwenye Umoja. Tiketi za punguzo za wafanyakazi, zisizouzwa kwa umma, hazilindwi.

Nje ya maeneo hayo abiria hutegemea masharti ya shirika. Kinachosaidia ni maandishi. Afisa wa kaunta akisema "tutakupeleka Sharjah, usafiri ni juu yetu", abiria aombe iandikwe kwenye tiketi au kwenye kumbukumbu ya nafasi yake.

Hesabu kabla ya kuhama

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliye Deira mwenye tiketi ya kurudi ambayo ndege yake imejaa. Viwango hivi ni vya mfano tu, na kila mtu aweke vyake.

Kusubiri siku mbili: hoteli dola 60 kwa usiku, yaani 120, chakula dola 40, teksi za kwenda na kurudi uwanjani dola 40, faida inayopotea dukani dola 40 kwa siku, yaani 80. Jumla dola 280.

Kuhamia Sharjah leo: tiketi mpya dola 180, kilo 15 za ziada kwa dola 8, yaani 120, teksi dola 25. Jumla dola 325.

Kwa siku mbili kusubiri ni nafuu kwa dola 45. Kwa siku tatu gharama ya kusubiri inafika dola 420, na Sharjah ndiyo nafuu. Hivyo swali la kumuuliza afisa wa kaunta ni moja: wako wangapi mbele yangu kwenye orodha, na safari za kesho na keshokutwa zimejaa kiasi gani? Ikiwa jibu linaonyesha zaidi ya siku mbili, ni afadhali kuhama siku ya kwanza. Hasara kubwa kuliko zote ni kufanya mambo yote mawili: kusubiri siku mbili kwa dola 280, kisha kununua tiketi ya Sharjah kwa dola 325.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kuondoka kwenda uwanja mbadala, msafiri ahakikishe yafuatayo:

1. Herufi tatu za uwanja wa kuondokea na wa kutua zimesomwa, si jina la mji pekee.

2. Viza inaruhusu kutumia uwanja huo na shirika hilo, na ina siku za kutosha hata ndege ikiahirishwa.

3. Tiketi ya zamani imefutwa au kubadilishwa rasmi, na kipande kilichobaki hakitapotea.

4. Begi limerudishwa mkononi, na kilo za shirika jipya zimelipiwa kabla ya kufika kaunta.

5. Saa ya kufika imehesabiwa pamoja na foleni, boti ya mwisho au kufungwa kwa mpaka.

6. Dereva, wakala wa forodha na mpokea mizigo wamejulishwa uwanja mpya na wamethibitisha.

7. Fedha za usiku mmoja wa ziada zimetengwa, kwa kuwa hata ndege ya uwanja mbadala inaweza kujaa.

Yote saba yakikamilika, safari inaweza kubadilishwa. Likibaki hata moja halina jibu, jina libaki kwenye orodha ya kusubiri hadi lipatikane.